Siku 100 za Mgonjwa na Miezi 2 ya Sheria

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kitenzi huzaa kitenzi. Kupona huzaa kuponya, na kuugua huzaa kuuguza. Vitenzi hivi viwili vya pili vinafanana kwa umbo, lakini kazi zake ni mbalimbali. Anayeponya, kwa rehema ya Mungu, ni tabibu mwenye elimu na vifaa. Anayeuguza anaweza kuwa mtu yeyote: mama, kaka, jirani, mwalimu, mwajiri, na hata sheria ya nchi. Katika makala haya nataka tujadili kuuguza, kwa kutazama tiba moja inayodhihirisha wazi kuliko nyingine nyingi kwamba dawa haimalizi kazi hospitalini. Tiba hiyo ni upandikizaji wa seli shina za damu, ambao wengi huuita upandikizaji wa uloto.

Hoja yangu ni hii. Sisi wananchi wa Uganda, kama majirani zetu, tumejifunza kuchangishana fedha ili mgonjwa asafiri akatibiwe. Bado hatujajifunza kuzihesabu siku anazozihitaji ili apone. Michango yetu hukoma anapopanda ndege, na sheria yetu ya ajira huacha kumlinda kabla mwili wake haujarudi katika hali yake. Pengo hilo linaweza kupoteza maisha ambayo tayari yamekwisha kulipiwa.

Tuanze kwa kuielewa tiba yenyewe. Uloto ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa, na humo ndimo zinamozaliwa chembe zote za damu: nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu jeraha linapotokea. Seli shina ndizo mbegu za chembe hizo zote. Shamba hilo likiharibika, kwa saratani ya damu au kwa kasoro ya kuzaliwa kama selimundu, madaktari huweza kulifyeka kwa dawa kali za tibakemikali, pengine pamoja na mionzi, kisha wakapanda mbegu mpya. Katika baadhi ya saratani mbegu hizo huwa ni za mgonjwa mwenyewe, zilizotolewa na kuhifadhiwa kabla ya dawa kali. Kwa selimundu kwa kawaida hutoka kwa mtu mwingine, na anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana uwezekano wa robo moja wa kulingana naye kikamilifu.

Wengi hudhani kwamba huu ni upasuaji. Sivyo. Seli hizo huingizwa mwilini kwa mpira, kama anavyoongezwa mtu damu, na tendo lenyewe laweza kumalizika kwa saa chache. Mzigo wa tiba hii uko katika siku zinazofuata.

Historia yake inathibitisha jambo hilo. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alichapisha taarifa za majaribio yake ya kwanza kwa wagonjwa mwaka 1957, na alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo ipo hadithi ndefu ya misiba. Wagonjwa wengi wa mwanzo walifariki, baadhi yao kwa sababu mbegu zilikataa kuota, wengine kwa maradhi ya kuambukiza, na wengine kwa sababu seli za kupandikizwa ziliushambulia mwili uliozipokea. Tiba hii ilisonga mbele madaktari walipojifunza kuchagua mtoaji anayelingana na mgonjwa, na walipojifunza kumlinda mgonjwa baada ya kupandikizwa. Elimu ya kuuguza ilikuwa nusu ya ugunduzi.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Kwa sababu selimundu ni ugonjwa wa nyumbani kwetu. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa nchini Uganda walikuwa na kinasaba cha ugonjwa huo, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Aidha, tiba hii si ya mabara ya mbali tu. Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Wagonjwa wengi wa Uganda wanaoipata tiba hii husafiri, hasa kwenda India. Kadiri inavyotukaribia, ndivyo watakavyoongezeka miongoni mwetu watu wanaorudi nyumbani wakiwa na damu mpya na mwili dhaifu.

Sasa tuzihesabu siku zenyewe. Madaktari huiita siku ya kupandikizwa siku ya sifuri. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla mbegu hazijaota na chembe nyeupe kuanza kuonekana tena. Katika kipindi hicho mgonjwa hana kinga. Kinywa hujaa vidonda hata kumeza mate huwa adhabu. Chakula hupoteza ladha, tumbo huendesha, nywele hudondoka, na uchovu humwelemea kiasi kwamba kuketi kitandani huwa kazi ya kutwa. Madhara haya yana namna ya kutulizwa. Kinywa husukutuliwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi au dawa aliyopewa, mswaki huwa laini, dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya chakula, na chakula hutolewa kidogo kidogo mara nyingi badala ya sahani moja iliyojaa. Uchovu nao hautibiwi kwa kulala tu. Hatua chache ndani ya nyumba, zikiongezwa kila siku, huurudishia mwili nguvu.

Mbegu zikiota, safari bado ni ndefu. Aliyepokea seli za mtu mwingine hukabiliwa na hatari inayotokana na tiba yenyewe: chembe nyeupe za mtoaji huweza kuuona mwili wa mwenyeji wao kuwa mgeni, nazo zikaushambulia. Mara nyingi dalili za mapema ni vipele vya ngozi, kuhara kusikokoma na macho kuwa manjano. Baadaye huweza kuja ukavu wa macho na kinywa, ugumu wa viungo na kubanwa na pumzi. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kuituliza kinga hiyo mpya, kama siklosporini au takrolimasi. Dawa hizi zina masharti. Kiwango chake katika damu hupimwa mara kwa mara, kwa sababu kikizidi figo huumia, shinikizo la damu hupanda na mikono hutetemeka. Kikipungua, mashambulizi huanza. Siku ya kipimo mgonjwa hatakiwi kumeza dozi ya asubuhi hadi damu itolewe. Baadhi ya dawa za fangasi hupandisha kiwango hicho, na tunda la balungi pia. Mitishamba huweza kukivuruga pasipo mtu kujua. Sisemi haya kwa kudharau dawa za wazee wetu. Nasema kwamba katika miezi hii hakuna kikombe cha majani kinachopaswa kunywewa kabla daktari hajaarifiwa.

Kwa sababu hizo, vituo vingi humtaka mgonjwa aliyepokea seli za mtu mwingine akae karibu na hospitali kwa takriban siku 100 za mwanzo, akiwa na mtu mzima mmoja wa kumwangalia usiku na mchana. Kinga yake huhitaji mwaka mzima au zaidi kujengeka upya. Wakati huo wote homa ya nyuzi 38 si jambo la kusubiri hadi asubuhi. Ni dharura ya kukimbiliwa hospitalini saa ileile, kwa kuwa maambukizi ya damu huweza kumuua mtu asiye na kinga kabla hapajakucha. Wala asipewe paracetamol ya kuishusha homa kisha familia ikatulia. Dawa hiyo huficha dalili na kuacha chanzo. Kipimajoto cha bei ndogo, pamoja na namba ya simu ya kituo iliyoandikwa ukutani, ni vifaa vya lazima katika nyumba hiyo. Chandarua nacho ni cha lazima, kwa sababu malaria haimpi likizo aliyetoka kupandikizwa.

Hapa ndipo desturi zetu zinapoingia. Sisi ni watu wa kuzuru wagonjwa. Anaporudi mtu kutoka India, ukoo hujaa sebuleni, jumuiya ya kanisa au ya msikiti hufika, kila mtu ampe mkono, na watoto wapande kitandani. Upendo huo ni hazina na sitaki tuupoteze. Ninachoomba ni kwamba tuubadilishe umbo. Anayekohoa asiingie. Anayeingia anawe mikono. Wageni waje wawili, si ishirini, na salamu zitolewe kwa mbali. Wenye shauku zaidi wanaweza kufagia ua mapema mgonjwa akiwa ndani, kwa sababu vumbi, mbolea na kinyesi cha kuku hubeba fangasi wanaoingia mapafuni. Wanaweza pia kuchemsha maji, au kumpeleka mgonjwa kliniki kwa gari badala ya kumwacha abanwe ndani ya matatu.

Wazee walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba usimsumbue mgonjwa kwa maswali. Mpe msaada ulio dhahiri. Lakini mgonjwa wetu huyu ni lazima aulizwe uji: umepikwa lini, kwa maji gani, na maziwa yake yamechemshwa? Matoke ya moto yaliyotoka jikoni sasa hivi yanamfaa. Nyama iwe imeiva kabisa, matunda yaoshwe na kumenywa. Maziwa mabichi, saladi ya kununua barabarani na kiporo cha jana vimpite. Muuguzaji mwenye busara huliheshimu neno la wazee kwa kulielewa, na kulielewa ni pamoja na kujua pale linapokoma.

Nimesema kwamba hata sheria huuguza. Tuone basi sheria yetu inauguzaje. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua, atalipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mwezi wa pili ukiisha naye bado ni mgonjwa, mwajiri ana ruhusa ya kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Miezi miwili ni siku 60 hivi. Mgonjwa wetu aliyepokea seli za dada yake, kwa wakati huo, bado anaishi katika chumba cha kupanga karibu na hospitali ya ugenini, akipimwa damu mara kwa mara. Barua ya kumwachisha kazi inaweza kumkuta huko, na itakuwa barua halali.

Tuwatazame majirani. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, humhakikishia mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hutoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kati ya sheria hizi tatu, ni ya Tanzania peke yake inayozivuka zile siku 100. Nchi hizi tatu ni za jumuiya moja, tena zina mbu walewale na vinasaba vilevile vya selimundu. Hakuna sababu ya kimaumbile inayofanya mwili wa mfanyakazi wa Kampala upone upesi kuliko wa mwenzake wa Dodoma.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba wagonjwa wa namna hii ni wachache, na malaria inaua wengi zaidi. Ni kweli. Hata hivyo sheria ninayoizungumzia haitamfaa aliyepandikizwa uloto peke yake. Itamfaa mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti, kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, na mzee anayejifunza kutembea tena baada ya kiharusi. La pili ni kwamba mwajiri mdogo, mwenye duka na wafanyakazi watatu, hawezi kumlipa mtu asiyefanya kazi kwa miezi minne. Hilo ni zito na silidharau. Lakini kuna tofauti kati ya kumlipa mtu mshahara na kumhifadhia nafasi yake. Sheria inaweza kupunguza mshahara hatua kwa hatua, kama inavyofanya ya Tanzania, kisha ikakataza kumfukuza mtu kabla daktari hajasema kama ataweza kurudi kazini. Isitoshe, sheria ya sasa inampa mwajiri ruhusa ya kuvunja mkataba, haimlazimishi. Mwajiri mwenye utu anaweza kuanza leo bila kusubiri Bunge.

Kutoka kwa mwajiri niende kwa sisi wachangishaji. Mara nyingi bajeti inayotangazwa katika kikundi cha WhatsApp huwa na mambo matatu: nauli, ada ya hospitali na malazi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mioyo yetu haijapungua. Kilichopungua ni hesabu. Bajeti iliyokamilika ina mstari wa dawa za miezi inayofuata, wa vipimo vya damu, wa kodi ya nyumba ya familia iliyobaki, na wa riziki ya muuguzaji. Huyu wa mwisho husahaulika kuliko wote. Aghalabu ni mama au dada, ameacha kibanda chake sokoni au darasa lake, na hakuna sheria inayomtambua. Kamati ya michango iwe na mweka hazina hadi siku ya 100, na ikiwezekana hadi mwaka utimie.

Nimalizie kwa uwanja wangu mwenyewe, yaani shule, kwa kuwa wengi wanaopandikizwa kwa ajili ya selimundu ni watoto. Mtoto huyu anaweza kukosa masomo kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima. Anaporudi, mwalimu anapaswa kujua mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwili wake umesahau chanjo alizopata utotoni, hivyo atachanjwa upya kwa ratiba ya daktari. Chanjo zenye vimelea hai, kama ile ya surua, kwa kawaida hazitolewi kabla ya miaka miwili kupita tangu kupandikizwa, wala wakati bado anatumia dawa za kutuliza kinga. Kwa hiyo surua au tetekuwanga ikiingia darasani, mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Wenzake wachanjwe kikamilifu, kwa kuwa kinga yao ndiyo ngao yake. La pili, bweni lenye vitanda vilivyobanana si mahali pake kwa sasa. Mwalimu mkuu anayemruhusu asome akiwa nyumbani, avae kofia darasani na kupumzika wakati wa michezo, hamtendei upendeleo, anamtendea haki.

Hali hiyo ya chanjo hufika hata mpakani. Chanjo ya homa ya manjano ni ya vimelea hai. Msafiri aliyepandikizwa anaweza kuwa na cheti cha zamani ambacho, kwa kanuni za kimataifa, hudumu maisha yake yote, ilhali kinga ile imekwisha kuondoka mwilini. Ajilinde na mbu kama mtu asiyewahi kuchanjwa. Na asiye na cheti asichanjwe kwa kulazimishwa uwanja wa ndege. Kanuni hizohizo zinakubali waraka wa daktari unaoeleza kwamba chanjo hiyo ni hatari kwake. Maofisa wa afya mipakani wanahitaji kulijua hili, na msafiri naye awe na waraka huo mkononi.

Ndugu msomaji, elimu ya uraia si kujua majina ya mawaziri na rangi za bendera tu. Ni kujua mahali ambapo maumivu ya mtu mmoja yanakuwa wajibu wa wengi. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize atafanya nini kuhusu mfanyakazi anayeugua kwa siku 61. Ukiwa katika kamati ya michango, uliza fedha za dawa za mwezi wa nne ziko wapi. Ukiwa mwajiri, isome sheria kisha utende zaidi ya inavyodai. Ukiwa jirani, nunua kipimajoto umpelekee aliyerudi, umkabidhi mlangoni baada ya kunawa mikono. Daktari ameifanya kazi yake ya kuponya. Siku zilizobaki ni zetu, na zinahesabika.